Saa mbili za titani: masaa 80 yasimdanganye mnunuzi

GOMA – Kwa mtu anayetafuta saa ya mkono ya titani isiyotumia betri, mbili zinafaa kulinganishwa: Hamilton Khaki Field ya Uswisi na Citizen Promaster ya Japani, ile inayoitwa Fujitsubo. Mara nyingi saa za namna hii hufika huku kwa mkono wa ndugu aliye Ulaya ao Dubai. Ukikosea kuchagua, kuirudisha ni shida.

Hamilton inasifiwa kwa masaa yake 80. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi utakuta ingali inatembea, wakati Citizen inasimama baada ya masaa 42. Lakini nani huvua saa siku tatu? Ni mwenye saa tano kabatini. Mwenye saa moja tu anaivaa kila siku, nayo inajijaza kwa mwendo wa mkono. Hayo masaa 80 atayalipia bure.

Jambo kubwa zaidi ni mikwaruzo, na hapo wauzaji hunyamaza. Titani ni nyepesi, karibu nusu ya uzito wa chuma cha pua, na jasho haliipatishi kutu. Ila ikiachwa tupu inakwaruzika upesi. Hamilton ya rangi ya titani yenyewe imeachwa hivyo. Citizen, ambao walitoa saa ya kwanza ya titani duniani mwaka 1970, hukaza uso wake kwa ufundi wanaouita Duratect. Wanasema unakuwa mgumu mara tano kuliko chuma cha pua. Ni maneno yao wenyewe, ndiyo, lakini katika mji ambao kuta zimejengwa kwa mawe ya volkano, hata nusu ya ahadi hiyo ina faida.

Kwa maji, Citizen imepimwa kwa mita 200, Hamilton mita 100. Jina Fujitsubo linatoka kwa saa ya Citizen iliyookotwa Australia mwaka 1983, imefunikwa na wadudu wa bahari wenye magamba, na ilikuwa ingali inatembea. Kivu haina wadudu hao, lakini ina wavuvi na waogeleaji.

Citizen ina kasoro yake: kiwanda kinakubali ikimbie hadi sekunde 20 kwa siku. Kwa mwezi ni dakika 10. Ila fundi mzoefu anaweza kuirekebisha kwa kusogeza kijiti kidogo ndani. Mtambo wa Hamilton hauna kijiti hicho; unapangwa kiwandani, na fundi wa barabarani hana vyombo vyake.

Kwa mwenye saa moja, basi, Citizen. Na ndugu wa Dubai, kabla ya kulipa, ashike saa ya chuma ya ukubwa uleule katika mkono wa pili. Kama uzito ni sawasawa, hiyo si titani.