Samaki Si Pambo

"Mjomba, samaki imekufa." Hivyo ndivyo alivyoniamkia mpwa wangu asubuhi moja ya mwezi wa Julai, nami, kwa mazoea ya kazi, nikamjibu kabla hata sijalitazama tangi: "Sema samaki amekufa." Msichana alinitazama kwa mshangao. Kasoro ya upatanisho ilikuwa yake, lakini aliyemuua samaki nilikuwa mimi mwenye sarufi sanifu.

Samaki mwenyewe hakuzidi urefu wa kidole cha shahada. Mwili wa kahawia iliyoiva, mistari miwili myeupe na mapezi ya manjano. Ni wa jamii ile ambayo, katika miamba ya matumbawe ya pwani yetu, huishi ndani ya minyiri yenye sumu ya kiumbe anayefanana na ua, asidhurike, maadamu ute wa ngozi yake humkinga. Nilimnunua katikati ya jiji la Nairobi, nikapanda naye matatu ya Uthiru, nimeipakata ndoo ndogo yenye kifuniko. Aliyeniuzia alimwita "samaki wa mapambo".

Istilahi hiyo ndiyo inayonikera. Kiswahili kimewapa viumbe hai upatanisho wa A-WA, hata pale umbo la jina linapovutia upande mwingine: kipepeo huyu anaruka, wala si kipepeo hiki kinaruka, samaki anaogelea, ingawa jina lake halibadiliki kwa wingi. Wazee waliotuachia lugha hii waliona kwamba uhai una haki ya kutangulia umbo. Pambo ni la LI-YA. Pambo huwekwa rafuni, likafutwa vumbi Jumamosi, likasahauliwa. Sidai kwamba neno peke yake huua, la hasha. Lakini mtu aliyeambiwa kwamba amenunua pambo haulizi pambo hilo linapumua nini.

Nami sikuuliza. Nilikoroga chumvi ya bahari katika maji ya mfereji, takriban gramu 35 kwa kila lita, na jioni ileile nikamtia samaki. Maji yale yalikuwa safi mno, na usafi huo ndio uliokuwa hatari. Samaki hutoa amonia kwa pumzi na kwa kinyesi, na amonia humchoma matamvua. Baharini na katika tangi lililokomaa wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao hawaji kwa siku moja. Huchukua majuma manne hadi sita kujijenga katika mawe, mchanga na chujio. Samaki wangu alikaa siku tisa.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vilivyoandikwa ng'ambo havikumkusudia mkazi wa Nairobi. Sisi tunaishi karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hapa kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo maji yenye joto lilelile na chumvi ileile hushika oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko yangalivyoshika Mombasa. Samaki wa mwambani anahitaji joto la nyuzi 25 hadi 28, na maji ya joto hushika oksijeni kidogo zaidi. Basi umeme unapopotea usiku wa Julai, pale Kangemi au Lavington (maana giza halibagui mitaa kama tudhanivyo), pampu husimama, kipasha-maji hupoa, na samaki hukabwa na dhiki mbili kwa mpigo.

Fauka ya hayo, kuna alikotoka. Samaki hawa huvuliwa na wapiga mbizi wa Kilifi, Mombasa na Kwale, kwa nyavu za mkono, mmoja mmoja, na wengi wao husafirishwa ng'ambo. Katika hifadhi za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka wa 1968, uvuvi huo umekatazwa. Sikatai biashara hii, inalisha watu. Ninachokataa ni mvuvi kuhangaika mwambani ili samaki aje kufa Uthiru katika siku tisa, ilhali jamii hii, ikitunzwa vyema, huweza kuishi zaidi ya miaka 20.

Wanafunzi wengi wanamfahamu samaki wa jamii hii kupitia filamu ya Marekani ya mwaka wa 2003, Finding Nemo, ambamo baba mjane anamtafuta mwanawe. Katika maumbile halisi, wote huanza wakiwa madume, na jike la kikundi likifa, dume kubwa hugeuka kuwa jike. Baba yule angalikuwa mama. Mwalimu wa biolojia angeweza kulitumia somo hilo kipindi kizima bila darasa kusinzia.

Ndiyo maana siwapingi walimu wanaotamani tangi la maji ya chumvi shuleni. Ninaloomba ni kwamba muhula wa kwanza tangi hilo liwe na maji, mawe na mchanga tu, bila samaki. Wanafunzi wapime amonia, nitriti, joto na kiwango cha chumvi kila siku, wachore grafu, na waone jinsi maji yanavyopungua kwa kugeuka mvuke huku chumvi ikibaki, hata ikabidi kuongeza maji baridi yasiyo na chumvi. Mwalimu anayeona kwamba muhula mzima bila samaki ni mrefu mno kwa wanafunzi wake, na aweke mimea dirishani.

Tangi langu sasa lina majuma matatu. Halina samaki. Mpwa wangu hupima kila jioni na kunisomea tarakimu. Amonia imeshuka, nitriti ingali juu. Ameniuliza mara mbili tutakwenda mjini lini. Nimemwambia hatuendi mpaka vipimo vyote viwili vionyeshe sifuri kwa juma zima, na mpaka nipate betri ya kuendesha pampu umeme unapopotea.