Tusiingie Bondeni Miguu Mitupu

Vijana wenzangu, na ninyi wanafunzi wa zamani mliotutangulia, nina neno juu ya kazi yetu ya umuganda. Sisi wa Muhima, Jumamosi ya mwisho ya mwezi tukiteremka na majembe kuelekea bonde la Nyabugogo kuzibua mifereji, wengi huenda na kandambili, na wengine miguu mitupu. Nasema desturi hiyo yafaa ikome.

Wapo watakaonijibu, "Babu zetu walilima matope hayo hayo bila viatu, wakaishi wakazeeka." Ni kweli, lakini matope ya babu zetu yalikuwa na ruba tu. Bonde la leo hupokea maji machafu ya mji, na kwa miaka mingi gereji za Gatsata, ng'ambo ya mto, zilifanya kazi ukingoni mwa kinamasi. Wataalamu waliokipima kinamasi hicho walieleza mwaka 2011 kwamba walikuta humo risasi, kadmiamu, kromu, shaba na zinki.

Ubaya wa risasi ni kwamba hainuki wala haiwashi. Haipiti sana katika ngozi. Huingia kwa kinywa, mtu alapo kwa mikono yenye udongo, na kwa pua, vumbi likivuma. Nayo huwadhuru zaidi watoto wadogo, katika ubongo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza sumu hiyo kijijini, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha ni haki yao, lakini hazimrudishii mtoto akili.

Basi yafaa tufanye nini? Kwanza, tuulize mahali hapo palikuwa na nini zamani. Palipokuwa na gereji au jaa pasichimbwe mpaka udongo upimwe. Pili, tuvae viatu vya mpira na glavu. Tatu, udongo mkavu unyunyiziwe maji kabla ya kuchimbwa. Nne, mtu asile wala asivute sigara kabla ya kunawa kwa sabuni. Tano, nguo za kazi zivuliwe nje ya nyumba na zifuliwe peke yake, wadogo zetu wasizishike. Tena udongo uliotolewa humo usipelekwe katika bustani ya mtu.

Najua viatu vya mpira vina bei. Lakini kumi wenye viatu ni bora kuliko mia wasio navyo. Waliobaki wana kazi tele huku kilimani, ya kufagia na kupanda miti. Wala sisemi tuliache bonde. Nyandungu palikuwa pameharibika, na mwaka 2022 pakafunguliwa bustani nzuri ya watu wote. Nyabugogo nako kwaweza kupona.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wanafunzi wa zamani, mlio na kazi na mishahara, mchange jozi chache za viatu ziwekwe shuleni kwa siku hiyo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na mwiba huu hauonekani kwa macho.