Mboko, Okutoyi na geti la shule
Na Kavira Musubao

Julai 2022, kwenye majani ya Wimbledon, mabinti wanne walikuwa wakigombea taji la tenisi la vijana la wachezaji wawili wawili. Upande mmoja alisimama Angella Okutoyi wa Kenya, miaka 18, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili kulikuwa na Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Wakanada walichukua seti ya kwanza 6-3, wakapoteza ya pili 6-4. Zikabaki pointi za kuamua, ambapo mshindi ni anayefika 10 na kumzidi mwenzake kwa mbili. Ziliisha 11-9, na Kenya ikapata taji lake la kwanza kabisa la Grand Slam, yaani la mashindano makuu ya tenisi.

Nairobi ilishangilia, na ilikuwa haki yake. Huku kwetu Butembo, mashariki mwa Kongo, habari ilipita bila kelele, ingawa Kongo nayo ilikuwa imekanyaga majani yale. Mboko, aliyekuwa na miaka 15 siku hiyo, ni binti wa Cyprien Mboko na Godée Kitadi, Wakongo walioiacha nchi wakati siasa zilipochafuka. Alizaliwa Charlotte, Marekani, mwaka 2006, akiwa wa mwisho kati ya watoto wanne, akakulia Kanada. Raketi aliikuta nyumbani, mikononi mwa ndugu zake wakubwa.

Miaka mitatu baadaye jina lake lilifika hata kwa wasiojua pointi za tenisi zinahesabiwaje. Mwishoni mwa Julai 2025 aliingia mashindano ya Montréal kwa kualikwa tu, akiwa wa 85 duniani. Alimtoa Sofia Kenin, akamtoa Coco Gauff. Kwenye nusu fainali alianguka akaumia mkono, na Elena Rybakina alibakiza pointi moja tu kumaliza mchezo. Mboko akaiokoa, kisha akashinda. Kwenye fainali Naomi Osaka alimpiga seti ya kwanza 6-2, naye akajibu 6-4, 6-1. Wanne hao wote wamewahi kutwaa Grand Slam katika mchezo wa mmoja mmoja. Yeye alikuwa bado na miaka 18.

Wakongo wengi walimwita mtoto wetu. Si kosa kumfurahia. Ila tuseme kweli: Kongo ilimpa wazazi na jina, lakini viwanja, makocha na safari vilitoka kwingine. Anayetaka kujua kama mtoto anaweza kupanda kutoka huku huku Afrika Mashariki amtazame yule aliyekuwa upande wa pili wa wavu.

Mama yake Okutoyi alifariki mara baada ya kujifungua mapacha, Angella na Roselida, mwaka 2004. Walilelewa na nyanya yao, Mary Ndong'a, aliyekuwa mfanya usafi katika shule ya Loreto Convent Msongari, Nairobi. Familia ililala katika chumba kimoja cha wafanyakazi. Shule ile ya masista ina viwanja vya tenisi, na mjomba wa mapacha, ambaye aliujua mchezo huo, aliwapeleka kiwanjani wakiwa na miaka minne hivi. Mwanzo wa yote ndio huo. Hapakuwa na tajiri wala mpango wa wizara. Palikuwa na mwanamke mwenye ufagio, mjomba mwenye subira, na shule ambayo haikuwafukuza wajukuu wa mfanyakazi kwenye kiwanja cha wanafunzi wanaolipa. Baadaye Angella alifunzwa Bujumbura, kwa majirani zetu wa Burundi, kwenye kituo cha kanda cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, kisha Morocco. Januari 2022 akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya vijana kwenye Grand Slam, huko Australia. Akaenda kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, na Machi 2024 akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra.

Tusijidanganye kwamba kinachotutenga na Nairobi ni hali ya hewa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Butembo haiko mbali na hapo. Mpira unaruka vile vile katika hewa hii nyepesi.

Hata Warusi, ambao majina yao yamejaa kwenye orodha za tenisi, wana historia zinazofanana na zetu kuliko tunavyofikiri. Wazazi wa Maria Sharapova waliishi Gomel, Belarus, wakakimbia baada ya mlipuko wa Chernobyl wa 1986. Yeye akazaliwa Siberia mwaka uliofuata. Akiwa bado mdogo, mwaka 1994, baba yake alimpeleka Florida na dola 700 hivi mfukoni, huku mama akibaki nyuma kama miaka miwili kwa sababu ya viza. Kila familia ya kwetu iliyotengana njiani ikikimbia vita kati ya Eringeti na Butembo inaelewa miaka miwili ya namna hiyo. Mwaka 2004, akiwa na miaka 17, Sharapova alimshinda Serena Williams na kuchukua Wimbledon.

Kuna atakayeuliza kama huu ni wakati wa kuzungumzia raketi. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu wake kwa mapanga na risasi. Ebola ilikuja 2018 ikakuta vita. Hali ya dharura ilitangazwa Mei 2021 na watu bado wanakimbia. Swali hilo ni la haki. Lakini mtoto aliyekimbia kutoka Oicha, katika eneo hilo la Beni, na kulazwa kwenye nyumba ya ndugu, watu kumi chumbani, anahitaji mahali pa kukimbia bila kuogopa, na anahitaji mtu mzima anayemsubiri hapo saa ile ile kila siku. Mpira wa miguu unawapa wengi nafasi hiyo, na mapenzi yetu kwa timu za Nyuki ya Butembo na Capaco ya Beni hayana mjadala. Wasichana hupata kipande kidogo zaidi cha uwanja huo, na wengi hawapati kitu.

Nyua tunazo. Shule za mapadri na masista, parokia, vyuo: nyingi zina uzio na mlinzi, na Julai na Agosti, wakati wa likizo kubwa, hubaki tupu. Kiwanja kamili cha tenisi, mchezo wa mmoja mmoja, ni mita 23.77 kwa 8.23. Kwa watoto wadogo si lazima kufika huko: mita 11 kwa 5 zinatosha, na mipira laini inayodunda polepole, mistari ya chokaa na kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Walimu wakuu na maparoko wa Butembo na Beni wanaweza kuamua hilo bila kusubiri Kinshasa, na watoto wa walinzi na wa wafanya usafi wawe wa kwanza kuingia.