Kompyuta Iliyoungwa Nyumbani na Kioo Kisichoonyesha Kitu

Siku hizi vijana wetu wengi hawaridhiki kununua kompyuta iliyokwisha kuungwa kiwandani. Hununua sehemu moja moja: mwezi huu kasha, mwezi ujao prosesa, mwezi wa tatu RAM, mpaka zikitimia huziunga kwa mikono yao wenyewe. Jambo hili twalisifu, kwani humwezesha mtu kuchagua kila kitu kwa kadiri ya haja na uwezo wake, tena humfunza kazi. Lakini mara nyingi siku ya kwanza ya kuiwasha huwa siku ya huzuni. Feni zazunguka, taa zawaka, na kioo ki cheusi. Baba aliyetoa fedha ataka kujua zimekwenda wapi, na kijana, kwa haya na hasira, aapa kwamba muuzaji amempa kitu kibovu.

Twapenda kuwaambia wasomaji wetu, wazee kwa vijana, kwamba kioo cheusi si ushahidi wa kudhulumiwa. Ni dalili tu, na dalili moja huweza kuletwa na sababu nyingi. Mwenye kutuhumu kabla ya kupeleleza humvunjia mwenziwe heshima, na mwenye kununua sehemu nyingine kabla ya kujua iliyoharibika hutupa mali. Basi njia ni ipi? Ni kuhakikisha jambo moja baada ya jingine, kuanzia nje kwenda ndani, na kutobadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwani ukibadilisha mawili na kompyuta ikapona, hutajua ni lipi lililoiponya.

Kwanza, yatazameni yaliyo nje. Je, kioo chenyewe kimepata umeme? Je, kimechaguliwa kupokea picha kwa tundu lile lile lililochomekwa waya? Vioo vingi vina tundu la HDMI na la DisplayPort, na hapana budi kuchagua mojawapo. Kisha ufuateni waya hadi mwisho wake wa pili. Kompyuta yenye kadi ya picha huchomekwa waya katika kadi hiyo, wala si katika matundu ya madabodi. Hapa wengi hupotea. Ziko prosesa zisizoweza kutoa picha kabisa, kama Core i5-12400F ya Intel, ambayo herufi F katika jina lake ndiyo alama ya upungufu huo, au Ryzen 5 5600 ya AMD. Mwenye prosesa ya namna hii akiuchomeka waya katika madabodi, atangoja mpaka kiyama wala hataona kitu.

Pili, uangalieni umeme wa ndani. Zimeni kompyuta, chomoeni plagi ukutani, na mguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine, ili umeme tuli wa mwilini usije ukadhuru sehemu hizo. Madabodi hupokea umeme kwa njia mbili: waya mpana wenye pini 24, na mwingine, mara nyingi wa pini 8, unaoingia karibu na prosesa. Huu wa pili ndio usahauliwao, kwani feni huweza kuzunguka bila ya huo, na mtu akadhani umeme umetimia. Kadi kubwa ya picha nayo hutaka waya wake wa peke yake. Waya wa kadi na waya wa prosesa hufanana lakini si kitu kimoja. Usioingia kwa wepesi usilazimishwe. Ama pawasaplai yenyewe, isifunguliwe hata ikiwa imechomolewa, kwani ndani yake mna kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme wa kumdhuru mtu. Wazazi na walishike sana neno hili.

Tatu, RAM. Kijiti cha RAM kisipokandamizwa hadi kibanio kikalia, huonekana kimeingia nacho hakijaingia. Mwenye vijiti viwili na ajaribu kimoja kimoja, katika nafasi iliyotajwa na kitabu cha madabodi. Kwa madabodi nyingi zenye nafasi nne, ni ya pili kutoka kwenye prosesa. Tena pana haja ya subira. Kompyuta zitumiazo RAM ya DDR5, khasa zile za Ryzen 7000 zilizotoka mwaka 2022, huipima RAM yake zinapowashwa mara ya kwanza, na huenda kioo kikakaa cheusi dakika kadhaa. Kijana akizima baada ya nusu dakika, kipimo huanza upya. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Nne, isikilizeni kompyuta yenyewe. Madabodi nyingi za sasa zina taa ndogo nne zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, yaani prosesa, RAM, picha, na diski ya kuanzia. Taa isiyozimika ndiyo ionyeshayo mahali kazi iliposimama. Lakini hata taa hiyo haimaanishi kwamba kitu hicho ni kibovu. Madabodi za B450 zilitoka mwaka 2018, na Ryzen 5000 zikatoka mwaka 2020. Madabodi yenye BIOS ya zamani haiitambui prosesa hiyo mpaka itiwe BIOS mpya. Hapo madabodi ni nzima, prosesa ni nzima, na muuzaji hana kosa. Baadhi ya madabodi hukubali kutiwa BIOS kwa fleshi hata bila ya prosesa.

Tano, yasipofaa hayo, toeni kwa dakika chache ile betri ya mviringo iliyo katika madabodi, hali umeme umekatwa, ili mipango ya BIOS irudi ya asili. Kisha itoeni madabodi ndani ya kasha, muiweke juu ya boksi lake la karatasi, na muiwashe ikiwa na prosesa, feni yake, kijiti kimoja cha RAM na kadi ya picha ikihitajiwa. Ikionyesha, basi ila ilikuwa kashani; pengine kiguzo cha shaba kilikaa pasipo mahali pake kikagusa nyuma ya madabodi. Rudisheni vitu kimoja kimoja, mkiwasha kila mara.

Baada ya haya yote, kijana akikijaribu kitu katika kompyuta nzima ya jirani kinachokubaliana nayo, nacho kikashindwa huko pia, hapo ana haki ya kukirudisha. Na aende na risiti, boksi na maneno ya upole, aeleze alichojaribu na alichokiona. Muuzaji mwadilifu atamshukuru, na mbishi atakosa la kujibu.

Nanyi wazazi, msimkaripie mtoto kwa ajili ya kioo cheusi. Kaeni naye, mshikieni taa, na mwulizeni: “Umekwisha hakikisha nini, na kimebaki nini?” Ajifunzaye kupeleleza kabla ya kuhukumu amepata faida iliyo kubwa kuliko kompyuta yenyewe.