Siku Tatu za Muhogo: Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Teritwari ya Nyunzu

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Teritwari ya Nyunzu, Jimbo la Tanganyika.
Nakala: Daktari Mkuu wa Zoni ya Afya ya Nyunzu, Mkaguzi wa Kilimo wa Teritwari.

Mheshimiwa,

Mvua za kwanza zikishaanguka, ni malupango machache ya Nyunzu yatakayobaki matupu. Vijiti vya mihogo vitachomekwa nyuma ya nyumba, kando ya choo, hadi kwenye kijia cha kwenda kwa jirani. Nakuandikia kabla majembe hayajaanza kazi, kwa sababu mmea huo tunaoula asubuhi na jioni ndio mmea wenye sumu ulioenea kuliko yote kwetu, na ofisi yako inaweza kulinda jambo moja linaloufanya kuwa chakula: zile siku tatu ambazo muhogo mchungu unapaswa kukaa majini.

Muhogo una wenzake katika malupango yetu. Kuna mbono uliopandwa kuwa ua, kwa kuwa mbuzi hawaugusi. Kuna mbarika, wenye mbegu za madoadoa zinazopendeza kuchezea. Mtoto akimeza mbegu nzima huenda ikapita bila neno, akiitafuna ni hatari ya kufa. Kuna minyaa, ambayo maziwa yake yakiruka jichoni huunguza, na dawa ya kwanza ni maji safi, mengi, tena kwa muda mrefu. Kuna utupa, unaowekwa majini kulevya samaki na unaosagwa kufukuzia wadudu wa maharagwe. Mranaha hujiotea wenyewe jalalani bila kumwomba mtu ruhusa. Na penye nyumba za wenye uwezo, misheni na maofisi, utakuta oleanda ile ya maua ya waridi, ambayo jani lake huvuruga mapigo ya moyo.

Ningekuwa na mamlaka yako, oleanda ningeing'oa kwenye kila uwanja wa shule bila kikao. Hailiwi, haizuii mbuzi, haifukuzi mdudu. Kazi yake ni uzuri tu, na maua mengine mazuri yapo tele. Hiyo mingine siwezi kuihukumu hivyo. Watu waliipanda wakijua wanachokifanya, na mingi wameipanda kwa sababu ya sumu yenyewe. Ua la mbono ambalo mbuzi wangelila lisingekuwa ua. Muhogo mchungu unapendwa kwa sababu panya, nguruwe pori na mwizi wa usiku hawaufaidi kirahisi. Hukaa ardhini muda mrefu ukimsubiri mwenyewe. Kwa familia iliyolazimika kukimbia na kurudi, hiyo ni akiba ya maana kuliko gunia lililofungiwa ndani ya nyumba. Kwa hiyo nakusihi, wazo la kuwaamuru watu wang'oe mihogo michungu lisipate nafasi mezani pako, hata likiletwa na mtaalamu mwenye gari zuri.

Kuhusu mbono niseme maneno machache tu. Mbegu yake ina ladha inayokaribia karanga, na watoto hugawana wanapotoka shule. Baada ya muda mfupi wote wanatapika na kuhara, na mtaa mzima unaanza kutafuta mchawi. Walimu waambiwe: mtoto asilazimishwe kutapika, apelekwe kituo cha afya upesi, na mbegu aliyokula ipelekwe pamoja naye ili muuguzi aione. Nyua za shule zinaweza kubaki za mbono kwenye upande wa mashamba. Upande wanakochezea watoto wa darasa la kwanza pandeni kitu kingine.

Sasa muhogo.

Ndani ya mzizi na majani mna kitu kiitwacho linamarini. Seli za mmea zikiwa nzima, kitu hicho kimetengwa na kimeng'enya kinachoweza kukivunja. Seli zikibomoka, vinakutana, na sianidi inatoka. Kuloweka hufanya kazi hiyo polepole: mzizi uliomenywa unakaa majini siku tatu, wakati wa baridi hata nne, mpaka unakuwa laini na kubonyea kwa kidole, na sumu inaondoka na maji na hewa. Ukiutoa baada ya siku moja bado ni mgumu. Jua litaukausha ukiwa bado umeibeba sehemu kubwa ya sumu yake. Na hapo ndipo penye mtego, Mheshimiwa, kwa sababu muhogo huo uliokaushwa haraka unaonekana mweupe na mzuri sokoni kama ule uliolowekwa vizuri.

Kuchemsha mzizi mchungu ukiwa mzima hakusaidii sana, maana moto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake. Mama zetu wanaotwanga sombe, yaani majani ya muhogo, kinuni mpaka iwe laini kabisa, kisha ndipo waibandike jikoni na mawese, wanafuata utaratibu ambao mkemia angeukubali: kwanza kuponda, moto baadaye. Msichana wa leo anayekatakata majani kwa kisu na kuyatupia sufuriani ili asichelewe, anaruka hatua iliyokuwa ikiwalinda wakubwa wake.

Mtu akila sumu hiyo nyingi kwa mara moja, anaumwa kichwa, anaona kizunguzungu, anatapika, na anaweza kufa. Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa mashariki, watu 98 waliugua hivyo na 2 wakafariki. Wengine walikuwa wamekula bukari, yaani ugali wa unga wa muhogo, kwenye msiba. Uchunguzi ulifuata unga mpaka ukamfikia muuzaji mmoja wa jumla, na unga ule ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kilo, ilhali kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani na FAO ni 10.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni ile sumu ya kidogo kidogo, inayoliwa wiki baada ya wiki na mtu asiyepata mboga ya maana. Huyo hulala akiwa mzima na kuamka miguu yote miwili imekakamaa. Ugonjwa huo ni konzo. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, upande wa magharibi wa nchi hii hii. Huwapata zaidi watoto waliopita miaka mitatu na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hauambukizi na hauendelei kupanda, lakini hauna dawa inayorudisha mwendo. Aliyepatwa hutembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, akiwa na fimbo au mbili, na wengine hutambaa maisha yao yote.  Tofauti na polio, miguu hailegei bali inakuwa migumu, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kuutambua ugonjwa bila mashini yoyote.

Ukifuata njia ya konzo barani Afrika, unaikuta palipo na ukame, vita au haraka ya soko. Katika jimbo la Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 ukame ulipoua mazao mengine yote, watu zaidi ya 1,000 walipooza. Ukame wenyewe huongeza sumu ndani ya muhogo, na njaa hukata siku za kuuloweka. Tarime, Tanzania, ilipatwa mwaka 1985. Mtwara ikapatwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kule Bandundu, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta malori yenye fedha, na wanawake wakaanza kuloweka siku moja badala ya tatu ili wasikose wanunuzi. Watafiti walifika wakakuta konzo katika vijiji hivyo hivyo vilivyokuwa vikiuza. Karibu nasi zaidi, Burhinyi katika Kivu ya Kusini, ugonjwa uliandikwa baada ya miaka ya vita.

Siandiki kutangaza mlipuko. Naandika kwa sababu, katika mambo hayo, vita na haraka ya soko tunavyo. Tangu 2013, ugomvi wa Watwa na Waluba uliwatoa watu vijijini katika sekta zote mbili, Lukuga Kaskazini na Lukuga Kusini, na mwaka 2015 damu ilimwagika hata kambini, hapa hapa pembeni ya Nyunzu. Mwanamke anayeogopa kwenda mtoni haachi mihogo yake huko usiku tatu. Ataiopoa kesho yake, iwe laini au isiwe. Aliye kambini hana pipa. Ndugu zetu Watwa ambao zamani walikuwa wakibadilishana nyama na asali kwa muhogo uliokwisha kutengenezwa, leo wengi wamewekwa kando ya barabara na kupewa vijiti wapande wenyewe. Anayewapa hawaambii kila mara kama ni vya muhogo mchungu au mtamu. Nalo soko la Kalemie linaita kila siku. Reli yetu hii, iliyotoka Kabalo na kufika ziwani Kalemie mwaka 1915, haijawahi kuuliza muhogo wa gunia ulikaa siku ngapi majini, na lori haliulizi pia.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya Kinshasa.

Kwanza, mashini za kusaga. Unga mwingi wa mji huu hupitia kwenye mashini chache, na mwenye mashini anaweza kumwuliza kila mama swali moja: umeloweka siku ngapi? Akijibu moja, aonyeshwe njia ya kuuokoa unga wake, ambayo nitaieleza hapa chini. Naomba kwa moyo wote jambo hili lisizae kodi, wala faini, wala afisa mpya wa kusimama mlangoni na kitabu cha risiti. Siku mama atakapotozwa fedha kwa kusema kweli, atasema siku tatu kila mara.

Pili, mahali pa kuloweka. Kila mtaa na kila kambi ipate mabwawa madogo au mapipa, chini ya sehemu wanapochota maji ya kunywa, karibu na nyumba za watu, ili mwanamke asiwe na haja ya kuchagua kati ya usalama wake na usalama wa chakula. Maji hayo yananuka, najua. Ndiyo sababu yasiachwe kwenye kijito kinachonywewa na walio chini.

Tatu, shirika lolote linalogawa vijiti vya mihogo katika teritwari yako litakiwe kutaja mbele ya watu aina yake, kama ni michungu, na lioneshe kwa vitendo jinsi ya kuitengeneza. Pamoja na vijiti, ligawe mbegu za maharagwe na karanga. Mwili hutumia salfa iliyo katika protini kuivunja nguvu sianidi. Mwenye ndakala (dagaa), maharagwe au karanga sahanini anavumilia kile kinachomwangusha anayekula bukari na sombe peke yake miezi mitatu mfululizo.

Nne, Daktari Mkuu awape wauguzi na reko, wale wahudumu wa afya wa jamii vijijini, maagizo ya kuandika kila mgonjwa aliyekakamaa miguu yote miwili kwa ghafla, hasa wakati wa kiangazi, na kuuliza nyumba hiyo ilikula nini mwezi uliopita. Mgonjwa mmoja aliyeandikwa mapema anaweza kukiokoa kijiji. Mgonjwa mmoja anayepelekwa kwanza kwa mganga ili aoneshwe aliyemroga, anaacha nyuma yake sufuria ile ile jikoni.

Na sasa ile njia ya kuokoa unga. Ilibuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, na mwaka 2010 ilijaribiwa katika kijiji kimoja cha Kwango na wataalamu wa lishe wa nchi yetu wenyewe. Walioifuata hawakupata wagonjwa wapya wa konzo. Unaweka unga kwenye beseni na kutia alama ndani pale ulipofika. Unamimina maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena mpaka kwenye alama, hapo unaacha. Unautandaza juu ya mkeka au shitingi (turubai), tabaka lisizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka hewani. Unga huo unapikwa bukari siku hiyo hiyo, maana ukilala umelowa unaharibika. Hauchukui nafasi ya siku tatu majini, lakini kwa familia iliyokimbia na gunia lisiloaminika kichwani, ni saa mbili tu.

Maelezo hayo nimeyaandika kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa na michoro, na mwenzangu ameyaweka kwa Kiluba upande wa pili. Wenye mashini wawili niliozungumza nao wamekubali kuibandika ukutani. Wanataka kwanza iwe na muhuri wa teritwari, kwa sababu karatasi isiyo na muhuri, wanasema, inaweza kuwaletea maswali. Nitaileta ofisini kwako Jumatatu asubuhi.

Wako kwa heshima,
Mwalimu na mkaaji wa Nyunzu