Mpiga chapa si mchapishaji, chunga doo yako

Una riwaya kwenye simu. Umeiandika usiku wa manane, ndani ya matatu, ukingoja zamu kinyozi. Sasa umeweka nukta ya mwisho na unataka iwe kitabu. Umeposti tu kwamba umemaliza, na kabla chai haijapoa kuna msee ameingia WhatsApp: mswada wako ni moto, kampuni yake iko tayari kuuchapisha, tuma elfu sitini za kuanzia kazi.

Usitume.

Nina rafiki mtaani aliyetuma. Aliuza pikipiki iliyokuwa ikimlisha. Akaletewa maboksi mawili ya vitabu, jalada lina picha iliyookotwa intaneti, tahajia imeharibika kuanzia ukurasa wa kwanza. Maduka aliyozungukia yote yalikataa kuvipokea. Baadaye alipoisoma vizuri karatasi aliyotia sahihi, akakuta hadithi yenyewe si yake tena. Maboksi yako chini ya kitanda hadi leo. Pesa zinaweza kurudi, lakini kinachoniuma ni kwamba tangu siku hiyo huyo jamaa hajaandika hata sentensi moja.

Kwa hivyo tuelewane kuhusu maneno mawili ambayo hawa matapeli wanapenda tuyachanganye.

Mpiga chapa ni mwenye mashine. Unampa faili, unamlipa, anakupa nakala. River Road wamejaa, na wengi wao wanafanya kazi safi. Hana haja ya kujua kama hadithi yako ni tamu au ni mbovu, na si kazi yake kujua.

Mchapishaji ni mtu mwingine kabisa. Huyu anaweka pesa zake: anamlipa mhariri, mchoraji wa jalada na mpiga chapa, anapeleka vitabu madukani, halafu anakulipa mrabaha. Akipata hasara, ni yake. Pesa zinatoka kwake zikija kwako. Zikianza kutoka kwako kwenda kwake, jua unaongea na mpiga chapa aliyevaa suti.

Jinsi ya kumpima ni rahisi. Mwambie akutajie vitabu vitatu alivyochapisha, kisha ingia duka la vitabu uvitafute. Fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu. Hapo kuna jina la mchapishaji, anwani, mwaka na ISBN. Na usitishwe na hiyo ISBN. Ni namba ya tarakimu 13 ya kukitambulisha kitabu, si cheti cha ubora. Hapa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS, na unaweza kuiomba mwenyewe.

Ukipewa mkataba, usome kama unavyosoma meseji ya ex wako: neno kwa neno. Angalia unauza nini. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi ni yako punde tu unapoiandika, na ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuisajili kwa KECOBO ni hiari, ingawa inasaidia kesi ikizuka. Lakini haki hizo unaweza kuzikabidhi kwa sahihi moja tu. Kumpa mtu ruhusa ya kuchapisha kwa miaka kadhaa ni sawa. Kumpa kila kitu, milele, pamoja na filamu na tafsiri, ni kujinyonga.

Uliza pia mrabaha unahesabiwaje. Tuseme kitabu ni Sh500 na umeahidiwa asilimia 10. Ikihesabiwa kwa bei ya dukani, unapata Sh50 kwa kila nakala. Ikihesabiwa kwa pesa zinazomfikia mchapishaji baada ya duka kukata asilimia 40, unapata Sh30. Kwa nakala 1,000, hiyo ni tofauti ya Sh20,000. Ni kodi ya keja hiyo.

Sisemi kujichapishia ni dhambi. Miaka ya 1970 David Maillu alianzisha Comb Books, akajitolea vitabu kama After 4.30, na watu wakavisoma kwelikweli. Ila ukichagua njia hiyo, mchapishaji ni wewe. Mhariri unamtafuta wewe, bei unaziulizia kwa wapiga chapa watatu, na nakala unaanza na 50, si elfu moja. Haki zote zinabaki mfukoni mwako.

Kabla ya hayo yote, kuna kazi ya bure. Andikia Google Docs ili simu ikiibwa riwaya isiende nayo. Tafuta kamusi nzuri. Kamusi Pevu ya Kyallo Wamitila, ya 2016, nyingi utazikuta maktaba. Halafu wape watu wawili wasiokuogopa wausome mswada. Hata Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa mwanafunzi Makerere mwaka wa 1962, alimpa Chinua Achebe mswada wa Weep Not, Child ausome. Kitabu kilitoka 1964. Kama Ngũgĩ alihitaji jicho la pili, wewe ni nani?

Ukishausafisha, mwandikie mchapishaji wa kweli: muhtasari wa ukurasa mmoja na sura za kwanza. Kama umeandika kwa Kiswahili, kuna pia Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ambayo imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Mimi chuo niliachia njiani, na sijawahi kuona mswada ukiulizwa cheti.

Sasa, wachapishaji wetu, nanyi mnisikie. Tunajua vitabu vya shule ndivyo vinavyolipa mishahara yenu. Lakini kijana akiwatumia mswada halafu anyamaziwe mwaka mzima, ataenda kwa yule anayemjibu kwa dakika tano. Tapeli hana talanta yoyote zaidi ya kujibu haraka. Wekeni wazi mnataka miswada gani na mtajibu baada ya muda gani. Hata "hapana" ni jibu, na linamwokoa mtu pikipiki yake.

Na wewe mwenye riwaya kwenye simu, kungoja kunachosha, najua. Tumia huo muda kuanza hadithi ya pili. Yule msee wa WhatsApp akirudi, muulize swali moja tu: "Wewe utanilipa lini?"