Sebule ya Mamilioni, Kufuli la Buku Tano!

Mastaa wa Bongo siku hizi wanashindana kuonyesha sebule. Huyu kaposti TV imefunika ukuta mzima, yule kaposti kabati la viatu, mwingine kamwaga mabunda ya noti kitandani na kuweka ngoma yake mpya kwa nyuma. Mashabiki wanagonga laiki. Kamera ikipita mlangoni sasa, angalia vizuri: kitasa ni kile kile alichofunga fundi siku nyumba inaisha, na getini linaning'inia kufuli la buku tano.

Na si mastaa peke yao. Kijana wa Sinza au Kinondoni analipa kodi ya miezi sita, ananunua sofa, friji na laptop, halafu analala na kitasa alichoachiwa na mpangaji aliyehama. Funguo za mlango huo wanazo wangapi? Mpangaji wa zamani, mchumba wake wa zamani, dalali, fundi aliyepaka rangi. Hakuna anayejua. Kubadilisha kitasa ndiyo ingekuwa kazi ya kwanza siku ya kuhamia, kabla hata ya kupachika pazia. Mwenye nyumba akigoma, kunja naye mazungumzo: kitasa kipya juu yako, na ukihama unarudisha cha zamani.

Halafu kitasa si kitasa tu ilimradi kina ufunguo. Vile vya bei chee vya milango ya mbao vina liva mbili au tatu ndani, na liva zikiwa chache, aina za funguo nazo zinakuwa chache. Ndiyo maana kuna siku ufunguo wa jirani unafungua kwako na mnacheka. Si cha kuchekesha. Cha liva tano, au cha silinda nzuri, kinamchelewesha mwizi. Lakini kitasa kizuri kwenye fremu iliyooza ni kazi bure, maana teke moja tu linang'oa vyote. Skrubu ziwe ndefu, zishike ukutani, na komeo la ndani lisikosekane. Grili za madirishani nazo ni sawa, ila ufunguo wa grili ya mlango ukae mahali ambapo kila aliyemo ndani anaufikia gizani. Moto ukizuka usiku, hakuna muda wa kuulizana nani kauweka wapi.

Sasa sefu. Watu wanadhani ni mambo ya mabosi na maduka ya dhahabu. Hapana. Pasipoti, vyeti vya shule, hati ya kiwanja, cheni ya bibi, hela ya kikoba aliyokabidhiwa mtu kwa ajili ya wenzake: vyote hivyo vinakaa chini ya godoro, sehemu ya kwanza kabisa mwizi anapopekua. Sefu ndogo inatosha, lakini ifungwe kwa bolti ukutani au sakafuni. Isiyofungwa ni zawadi iliyopakiwa tayari; mwizi anaibeba nzima akaifungulie kwao. Namba ya siri ya kiwandani ibadilishwe siku hiyo hiyo, na mwaka wa kuzaliwa usiwe namba mpya. Ule ufunguo wa dharura usifungiwe ndani ya sefu yenyewe, maana betri zikiisha mwenye mali ndiye atakayekuwa nje.

Atakuja mtu aseme mwizi akiamua ataingia tu. Kweli, anaweza. Lakini kibaka anahesabu dakika, na mlango unaomlazimisha apige kelele unamfanya aende kwingine. Ulinzi kamili haupo popote. Oktoba 2016 jijini Paris, nyota mmoja wa TV wa Marekani alivamiwa usiku chumbani na wanaume waliovaa kama polisi. Walimteka mhudumu wa mapokezi, wakapandishwa naye hadi juu. Mlinzi wake siku hiyo alikuwa ametoka na dada yake. Pete iliyoibwa, ya takriban dola milioni 4, ilikuwa imeshaonwa na dunia nzima kwenye simu. Mwaka 2025 mahakama iliwatia hatiani watu wanane, kinara wao akiwa na miaka 69. Wazee wale hawakuhitaji kupeleleza sana. Mwenyewe alikuwa anaposti. Funzo kwa Bongo ni jepesi: picha za safari zipande ukisharudi, na sefu isionekane kwenye video hata moja. Na ukiwekewa silaha, fungua, toa. Cheni inanunuliwa tena.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi. Vitu vikipotea na mlango haujavunjwa, wa kwanza kushikwa shati ni dada wa kazi. Binti katoka kijijini, hana ndugu mjini, anapekuliwa begi lake, anafukuzwa usiku bila mshahara, mwingine anaishia kituo cha polisi. Kumbe funguo zilikuwa zinazunguka mtaani miaka miwili na hela ilikuwa wazi juu ya kabati. Kitasa kipya na sefu iliyofungwa vinamlinda na yeye, kwa sababu orodha ya wanaoweza kuingia inakuwa fupi na inajulikana.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha TV mwaka huu, badilisha kitasa. Hakitapata laiki hata moja, ila usingizi utakuwa mtamu.

Wewe ulipohamia unapoishi sasa, ulibadilisha kitasa au bado unatumia cha mpangaji wa zamani? Dondosha komenti yako hapo chini, ila usitaje unapokaa!